Jina la Mdudu na Haki ya Paka

Swali la iwapo ujuzi una uzito wa kimaadili, yaani iwapo kutojua jambo kunaweza kuwa kosa mbele ya Mungu na mbele ya dhamiri badala ya kuwa upungufu wa elimu tu, kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano mikubwa: kadhi anayehukumu kabla ya kumsikiliza shahidi, mtawala anayeingia vitani bila kujua chanzo cha ugomvi, tabibu anayemnywesha mgonjwa dawa asiyoifahamu. Makala haya yanalishusha swali hilo hadi kwenye ngozi ya paka, mahali ambapo utitiri, yaani wadudu wadogo mno walio na undugu na kupe na buibui, huishi, huzaana, na mara nyingine humdhoofisha mwenyeji wao hadi akafa. Hoja inayotetewa ni kwamba kumtambua mdudu huyo kwa jina lake sahihi ni sehemu ya rehema yenyewe; kwamba huruma isiyojishughulisha kujua inamwokoa nani, kutokana na nini, na kwa dawa gani, ni huruma iliyoishia njiani; na kwamba hata swali kongwe la kwa nini viumbe huumia haliwezi kuulizwa vizuri mpaka ijulikane kwanza ni kiumbe yupi anayeumiza, na anaumiza vipi.

Wingi usio na mmoja

Kiswahili chenyewe kinaonyesha ugumu wa jambo hili. Neno utitiri hutaja wadudu ambao wafugaji wa kuku wanawajua sana, kwa kuwa hujaa katika viota na kumpanda mikononi anayeokota mayai. Lakini neno hilohilo limehamia katika mazungumzo ya siasa na biashara, ambako husikika utitiri wa vyama au utitiri wa kodi, kwa maana ya vitu vilivyozidi idadi na ambavyo hakuna anayejisumbua kuvitenganisha. Maana hii ya pili imezaliwa na ile ya kwanza, nayo inaeleza jinsi jicho la binadamu linavyowapokea viumbe hao: huwaona kama vumbi linalotembea, kundi lisilo na mmoja ndani yake. Utambuzi, yaani kazi ya kusema kwamba huyu ni fulani wala si fulani mwingine, huanza pale mtu anapokataa kuridhika na wingi huo.

Neno jingine linalostahili kupimwa ni kimelea, ambalo linatokana na kitenzi kumelea, yaani kuota juu ya kitu kingine kama ukungu unavyomelea mkate. Neno hili halina lawama ndani yake, kwa sababu linataja mahali ambapo kiumbe anaishi bila kutangaza hatia yake, na tofauti hiyo kati ya makazi na hatia itakuwa na uzito mkubwa mbele ya safari hii. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle, alipoandika kuhusu wanyama, alimtaja mdudu mweupe aonekanaye katika nta iliyozeeka, akamhesabu kuwa mdogo kuliko wanyama wote; jina la mdudu huyo, akari, limefafanuliwa na wengi kuwa linabeba wazo la kitu kifupi kisichoweza kukatwa tena, na ndilo lililozaa Acari, jina ambalo sayansi inalitumia hadi leo kwa utitiri na kupe kwa pamoja. Ikiwa ufafanuzi huo ni sawa, basi jina lenyewe lilikuwa linafunga mlango, kwa kuwa kisichokatika hakina sehemu, na kisicho na sehemu hakina alama ya kukitofautisha na mwenzake. Hadubini, chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho, ndiyo iliyokuja kuonyesha kwamba akari ana mdomo, makucha, malaika ya mwili na jinsi yake ya kuzaa.

Alama zinazotenganisha

Kwa maana kali ya elimu ya viumbe, utitiri haumo miongoni mwa wadudu halisi, ingawa lugha ya kila siku huwajumuisha wote kwa neno moja. Mdudu halisi ana miguu sita na mwili uliogawanyika sehemu tatu, ilhali utitiri uliokomaa una miguu minane kama buibui na mwili ulioungana bila kiuno. Anayetoka katika yai huwa na miguu sita tu, na jozi ya nne huipata baada ya kujivua gamba. Miongoni mwa utitiri unaoishi juu ya paka, wanne wanatosha kuonyesha kwa nini jina moja la jumla halitoshi.

Wa kwanza ni Notoedres cati, msababishi wa upele wa paka kwa maana halisi ya neno hilo. Jike huchimba vijia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga humo, na ugonjwa kwa kawaida huanzia kwenye kingo za masikio, ukaenea usoni, kwenye kope na shingoni, kisha ukafika miguuni na sehemu za nyuma, kwa kuwa paka hujisafisha kwa makucha na ulimi na hulala amejikunja. Ngozi hunenepa, hukunjamana na kufunikwa na magamba ya kijivu, na mnyama hujikuna hadi akajitoa damu. Chini ya hadubini mdudu huyu huonekana wa duara, mwenye miguu mifupi na mistari inayozunguka mgongoni mfano wa alama ya kidole gumba. Na tundu lake la haja limekaa mgongoni, tofauti na Sarcoptes scabiei, ndugu yake anayewapa upele binadamu na mbwa, ambaye tundu lake liko ukingoni mwa mwili. Jina Notoedres limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mgongo na makalio, kwa hiyo alama ya utambuzi imehifadhiwa ndani ya jina, na anayelielewa jina anajua pa kutazama.

Wa pili ni Otodectes cynotis, utitiri wa masikio, ambaye jina lake la kwanza lina maana ya mng'ataji wa sikio. Huyu hachimbi, huishi juu ya ngozi ndani ya njia ya sikio, na uwepo wake hutangazwa na uchafu mkavu wa rangi ya kahawia iliyokolea unaofanana na mashapo yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. Uchafu huo ukiwekwa juu ya karatasi nyeusi na kumulikwa, nukta nyeupe huonekana zikitembea, na hadubini huonyesha vifyonzeo vilivyoshikizwa kwenye vikonyo vifupi mwishoni mwa miguu. Sehemu ya pili ya jina ina maana ya sikio la mbwa, ingawa mdudu huyu ni wa paka pia, tena kwa wingi. Hivyo jina linaweza kuwa sahihi kisheria na bado likampotosha anayelichukua kama maelezo kamili. Notoedres na Otodectes walielezwa kwa mara ya kwanza na mtu mmoja, Eduard Hering wa Ujerumani, katika mwaka mmoja, 1838.

Wa tatu ni Cheyletiella blakei, ambaye madaktari wa wanyama humwita mba inayotembea, kwa kuwa paka huonekana ana mba ya kawaida mgongoni mpaka mtu atulie na kugundua kwamba baadhi ya chembe zile zinajongea. Alama yake ni jozi ya kulabu kubwa kando ya mdomo, na mayai yake hufungwa kwenye nywele kwa nyuzi nyembamba. Mara nyingi paka mwenyewe haonyeshi taabu kubwa, na anayeleta ushahidi wa kwanza ni binadamu anayempakata, ambaye huota vipele vyekundu mikononi na tumboni.

Wa nne ni kundi la Demodex, wenye mwili mrefu uliochongoka mfano wa sigara na miguu mifupi iliyorundikana mbele. Demodex cati huishi ndani ya vishimo vya nywele, na anaweza kuishi humo bila kumdhuru paka mwenye afya. Anapoongezeka na kuleta ugonjwa, mara nyingi huwa ni ishara kwamba kinga ya mwili imeporomoka kwa sababu nyingine, kama kisukari au virusi vinavyoshambulia kinga ya paka. Demodex gatoi, ambaye alipewa jina lake mwaka 1999 tu, ni mfupi na mnene zaidi, huishi juu kabisa ya ngozi badala ya ndani ya vishimo, huambukiza kutoka paka hadi paka, na huleta mwasho mkali. Hao wawili wana jina la jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zinazokaribiana, na kwa jicho lisilozoea wanafanana. Lakini yule wa kwanza ni jirani ambaye utulivu wake unategemea afya ya nyumba, na wa pili ni mgeni anayeleta ugomvi popote aingiapo.

Kuona na kutambua

Historia ya utitiri wa upele inafundisha kwamba kuona ni jambo moja na kutambua ni jambo jingine. Ibn Zuhr, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1162, aliandika kuhusu vidudu vidogo vinavyotoka katika ngozi yenye mwasho. Mwaka 1687 Giovanni Cosimo Bonomo, akishirikiana na mfamasia Diacinto Cestoni katika mji wa Livorno, alimwandikia mwanasayansi Francesco Redi barua iliyomweleza mdudu wa upele kwa mchoro na kudai kwamba ndiye chanzo cha ugonjwa. Dai hilo halikukubaliwa kwa urahisi, kwa kuwa waganga wengi wa Ulaya walikuwa wakiamini kwamba upele unatokana na kuharibika kwa majimaji ya mwili, na anayeshikilia kwamba sababu iko ndani ya damu hana haja ya kutazama juu ya ngozi. Linnaeus mwenyewe, baba wa utaratibu wa majina ya viumbe, alipochapisha orodha yake ya wanyama mwaka 1758 alimweka mdudu wa upele chini ya jina moja na mdudu wa unga.

Mchanganyiko huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1812 Jean-Chrysanthe Galès, wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, alitangaza kwamba amemwona mdudu wa upele na akatoa picha yake. Wengine walipomtafuta mdudu kama huyo kwa wagonjwa hawakumpata, na baadaye ikadhihirika kwamba picha ile ilikuwa ya utitiri wa jibini. Kwa miaka zaidi ya 20 kosa hilo liliwapa nguvu wale waliosema kwamba hakuna mdudu kabisa, kwa maana jina lililobandikwa mahali pasipo pake humficha mwenye jina. Mwaka 1834 mwanafunzi kutoka Corsica, Simon François Renucci, alimtoa mdudu wa kweli kwa ncha ya sindano mbele ya walimu wake mjini Paris, kwa njia aliyoiona kwa wanawake wa kisiwani kwao, ambao walikuwa wakiwatoa wadudu hao katika ngozi za wagonjwa bila kungoja idhini ya chuo chochote.

Tukio hilo lina fundisho la kifalsafa lisilopaswa kupuuzwa. Wanawake wa Corsica walikuwa na ujuzi wa mkono, yaani ule unaojua mahali pa kuchoma sindano, mwisho wa kijia na si katikati ya kipele; wasomi wa Paris walikuwa na ujuzi wa maneno, yaani ule unaojua kupanga sababu na matokeo; na ukweli haukukamilika mpaka aina hizo mbili zilipokutana katika mtu mmoja aliyekuwa na heshima kwa zote mbili. Anayemdharau mjuzi kwa sababu hana cheti, na anayemdharau msomi kwa sababu mikono yake ni misafi, wote wawili wanabaki na nusu ya maarifa, na anayeumia kwa nusu inayokosekana ni mgonjwa.

Kutopata na kutokuwepo

Kiswahili kimerithi kutoka katika elimu ya dini maneno matatu yanayopanga daraja za maarifa: shaka, ambapo pande mbili za jambo zinalingana katika akili, dhana, ambapo upande mmoja umezidi uzito, na yakini, ambapo hakuna nafasi ya upande wa pili. Uchunguzi wa ngozi ya paka hupita katika daraja hizo zote. Anayechunguza huipaka ngozi mafuta mepesi, huikwangua kwa wembe butu, juujuu anapomshuku anayeishi juu na kwa kina anapomshuku anayejificha kwenye vishimo vya nywele, hubandika utepe wa gundi kwenye manyoya ili anase mba inayotembea, kisha huyaweka yote chini ya hadubini. Akimwona mdudu na alama zake, amefika kwenye yakini. Lakini asipomwona, je, amepata yakini ya kinyume chake?

Jibu la paka ni hapana. Mnyama huyu hujiramba kwa bidii kubwa, na mwasho unapozidi huramba zaidi, kiasi cha kuwameza wadudu walewale wanaomsumbua. Ndiyo maana wakati mwingine mdudu ambaye hakupatikana kwenye ngozi hupatikana kwenye kinyesi, na ndiyo maana Demodex gatoi anaweza kumtesa paka ambaye mikwaruzo ya ngozi yake haionyeshi kitu. Wanazuoni wa Kiislamu waliolijadili suala la ushahidi waliweka kanuni kwamba kutokipata kitu si hoja ya kutokuwepo kwake, na kanuni hiyo, iliyokuzwa kwa ajili ya mambo makubwa ya imani na sheria, inatimia hapa kwa usahihi wa kushangaza. Katika hali kama hiyo daktari huruhusiwa kutenda kwa dhana yenye nguvu, ile ambayo wanafiqhi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, waliikubali kuwa msingi wa kutosha wa vitendo vingi pale yakini isipopatikana: humpa paka na wenzake wote wa nyumba moja dawa inayofaa kwa mdudu anayeshukiwa, na kupona kwao kukawa ndiyo ushahidi. Unyenyekevu wa kielimu una nyuso mbili, kwa kuwa unakataza kudai yakini isiyokuwepo, na pia unakataza kuifanya shaka kuwa kisingizio cha kumwacha mwenye maumivu.

Rehema inayojua

Katika mapokeo ya Kiislamu paka ana nafasi ya pekee. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasimulia adhabu ya mwanamke aliyemfunga paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, na nyingine, inayopokewa kupitia kwa sahaba Abu Qatada, inamhesabu paka kuwa si najisi kwa sababu ni miongoni mwa wanaozunguka katika nyumba za watu. Hadithi hiyo ya pili ina uzito mkubwa kwa pwani ya Afrika Mashariki, ambako paka wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hupita vichochoroni, hukaa vibarazani na hulala kwenye kivuli cha misikiti bila kufukuzwa: anayeruhusiwa kuzunguka katika makazi ya mtu ameingia katika dhima yake, yaani katika yale ambayo mtu ataulizwa. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani hiyo, aliyefariki mwaka 1262, alihesabu miongoni mwa haki za mnyama juu ya mwenyewe kwamba atunzwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena.

Maandiko ya Kiebrania yanaongeza jambo linalogusa kiini cha hoja hii. Katika sura ya 12 ya kitabu cha Mithali, pale ambapo tafsiri nyingi husema kwamba mtu mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, kitenzi cha asili ni kile cha kujua: mwenye haki huijua nafsi ya mnyama wake. Wafasiri hawakukosea kuona kujali ndani ya neno hilo, lakini lugha ya asili inakataa kuvitenganisha vitu viwili ambavyo watu wa leo hupenda kuvitenganisha, yaani moyo unaohurumia na jicho linalochunguza.

Kutenganishwa kwao kunaua, na mfano wake ni wa kweli kabisa. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania hulimwa pareto, ua ambalo unga wake unaua wadudu, na wanakemia waliiga sumu ya ua hilo wakatengeneza dawa za jamii ya pairethroidi, mojawapo ikiwa pamethrini, ambayo mbwa na ng'ombe huistahimili. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja sumu hiyo, kwa kuwa njia ya kikemia ambayo wanyama wengine huitumia kuifunga na kuitoa mwilini ni dhaifu mno kwake; hivyo anayemwona paka wake akijikuna, akasema kwamba wadudu ni wadudu na dawa ni dawa, akampaka ile aliyonunuliwa mbwa, anaweza kumwona akitetemeka, akipata degedege na kufa. Mtu huyo hakukosa huruma. Alikosa kujua, na kwa paka matokeo yalikuwa yaleyale ambayo ukatili ungeyaleta. Hata jina la mdudu likijulikana nusunusu madhara hubaki, kwa kuwa dawa za matone za jamii ya avamektini zinazowaangamiza Notoedres na Otodectes zinaweza kumwacha Demodex gatoi akiendelea na kazi yake, huku mwenye paka akiamini kwamba amekwisha kutimiza wajibu.

Methali isemayo kitanda usichokilalia hujui kunguni wake kwa kawaida hutumiwa kumwonya anayehukumu taabu za wengine. Methali hiyo inakubali kwamba kuna ukuta kati ya nafsi na nafsi, na ukuta kati ya mtu na paka ni mnene zaidi, kwa sababu paka hana hata maneno ya kulalamika. Hata hivyo haisemi kwamba kunguni hawawezi kutafutwa. Asiyeweza kulala kitandani mwa mwenzake anaweza kuwasha taa na kukagua mbao, na ndiyo kazi ambayo wembe, mafuta na hadubini huifanya: havimwezeshi binadamu kuusikia mwasho wa paka, lakini vinamwondolea udhuru wa kutoujua.

Swali la maumivu

Linabaki swali ambalo waumini wamelibeba kwa karne nyingi, kwamba ikiwa Muumba ni mwema na mwenye uwezo, kwa nini kuna kiumbe ambaye riziki yake ni ngozi ya mwingine. Wanafalsafa huliita tatizo la uovu. Charles Darwin, katika barua aliyomwandikia mtaalamu wa mimea Asa Gray mwezi Mei 1860, alikiri kwamba anashindwa kuamini kuwa Mungu mwema alikusudia nyigu wanaokula viwavi wakiwa hai, au paka anayemchezea panya. Karne nyingi kabla yake, wanatheolojia wa Mu'tazila walishikilia kwamba uadilifu wa Mungu unalazimu mnyama aliyeteseka bila hatia alipwe fidia huko Akhera, ilhali Waashari walikataa kumwekea Mungu sharti lolote, wakasema kwamba anatenda katika milki yake. Katika Ukristo, Paulo aliwaandikia Warumi kwamba viumbe vyote vinaugua kwa pamoja vikingoja ukombozi, jambo linaloyaweka maumivu ya mnyama ndani ya habari ya wokovu badala ya kuyaacha nje.

Majibu hayo yana uzito wake, lakini yote yanalichukua swali kwa jumla, na hapo ndipo utambuzi unapoleta mchango ambao theolojia peke yake haikuuleta. Anayeuliza kwa nini kuna utitiri anauliza kuhusu vumbi. Anayeuliza kuhusu Notoedres, kuhusu Demodex cati na kuhusu Otodectes anagundua kwamba ameuliza maswali matatu. Demodex cati anaweza kukaa kwa paka maisha yote bila ugomvi, na madhara yake yanapotokea huwa anashuhudia jeraha ambalo hakulifanya. Kumlaumu ni sawa na kumlaumu shahidi aliyelia msibani kwamba ndiye aliyeua. Hata Notoedres, ambaye kuchimba ndio uhai wake, haumizi kwa kipimo kilekile kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika milima ya Santa Monica karibu na Los Angeles, paka mwitu wa huko wenye mikia mifupi walikufa kwa wingi kwa upele wa mdudu huyo, na watafiti waliowachunguza walikuta uhusiano kati ya upele mkali na sumu za panya zinazozuia damu kuganda, ambazo watu hutega majumbani mwao na paka mwitu huzipata kwa kula panya waliozimeza. Mdudu ni wa kale na sumu ni mpya. Methali inayosema kikulacho ki nguoni mwako inapata hapa maana isiyozoeleka, kwa kuwa wakati mwingine kinachomla mnyama kimetoka katika nguo za binadamu.

Haya hayalifuti tatizo la uovu, na mwandishi mwaminifu hatadai hivyo, kwa kuwa hata baada ya kuondoa sehemu ya binadamu bado yuko kiumbe anayeishi kwa kumchimba mwenzake. Yanachofanya ni kulitenganisha: sehemu moja ni fumbo la uumbaji, linalostahili kubebwa kwa subira na adabu, sehemu nyingine ni hesabu ya binadamu, isiyostahili kufichwa ndani ya fumbo hilo. Anayekataa kutenganisha humtwika Mungu mzigo ambao sehemu yake ni yake mwenyewe.

Kipimo cha kuua

Mwenye kumtibu paka anaua, na anaua maelfu. Kwa Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India ambao hekalu lao limesimama hata mjini Mombasa, jambo hilo ni zito, kwa kuwa msingi wa imani yao ni ahimsa, yaani kutokudhuru kiumbe chochote chenye uhai hata kiwe kidogo namna gani, na watawa wao hufagia njia wanayopita wasije wakakanyaga wadudu. Sheria ya Kiislamu inaruhusu kumwondoa kiumbe anayedhuru, lakini inayo kanuni kwamba lililoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo. Njia hizi mbili zinaonekana kutazamana kwa mbali, lakini zinakutana katika sharti moja: asiuawe asiyedhuru, na anayedhuru asiuawe zaidi ya haja.

Sharti hilo haliwezi kutimizwa gizani. Bila utambuzi, dawa humiminwa juu ya mwili wote wa mnyama kama vita isiyotofautisha askari na raia, na anayepigana hivyo hupiga mara nyingi zaidi, kwa sumu kali zaidi, kwa kuwa hajui lini ameshinda. Anayejua kwamba mzunguko wa uhai wa Otodectes, kutoka yai hadi yai, huchukua wiki 3 hivi, anajua pia ni muda gani tiba idumu na ni wakati gani isimame. Anayejua kwamba Demodex cati aliyeongezeka ni shahidi, ataielekeza tiba kwenye kisukari pia badala ya kupigana na shahidi milele. Kujua hapa ndiko kunakoweka mpaka, na rehema kwa paka hukutana na kiasi kwa mdudu katika kitendo kimoja cha kutazama vizuri.

Katika Kurani, Mungu anamfundisha Adamu majina yote, na katika kitabu cha Mwanzo wanyama wanaletwa mbele yake awape majina. Wengi wamesoma habari hizo kama hati ya umiliki, kwamba mwenye kutaja ndiye mwenye kutawala. Zinaweza kusomwa pia kama hati ya deni. Kati ya wote wanaoishi juu ya ngozi na ndani ya nyumba, binadamu ndiye pekee aliyepewa jina la kila mmoja. Paka anasikia mwasho na hajui unatoka wapi, na mdudu anachimba bila kujua kwamba anaumiza. Ujuzi wa kinachotokea kati yao haukai kwa yeyote kati ya hao wawili. Umewekwa kwa wa tatu, anayeweza kuinama, kukwangua, kutazama na kutaja. Naye asipotaja, ukweli huo hauna mahali pengine pa kukaa, na sikio la paka linaendelea kutoka damu.